Kamera iliyopozwa: maana yake kwa mpiga picha wa nebula na galaksi

Kamera iliyopozwa ni kamera ya darubini yenye uwezo wa kushusha joto la sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) hadi kiwango unachotaka, mara nyingi nyuzi 10 chini ya sifuri. Wengi hudhani kazi yake ni kuzuia kamera isiungue. Sivyo.

Sensa hugeuza mwanga kuwa elektroni. Lakini joto la sensa yenyewe nalo huzalisha elektroni, na zikishachanganyika hakuna wa kuzitenganisha. Picha ya mchana huisha kufumba na kufumbua, hivyo huoni athari. Galaksi hufifia mno; sensa huachwa wazi dakika 5 au zaidi, na elektroni za joto zinarundikana. Jaribu mwenyewe: funika lenzi, piga picha ya dakika 5 usiku wa joto, kisha ikuze. Badala ya weusi mtupu utaona vidoa vyekundu, kijani na bluu vimetapakaa kama chenga za televisheni.

Kwa kadirio la kawaida, kila joto likishuka nyuzi 6 hivi elektroni hizo hupungua kwa nusu. Kutoka nyuzi 30 juu ya sifuri hadi 10 chini ya sifuri, zinapungua karibu mara 100. Kazi hiyo hufanywa na kibamba cha Peltier: ukipitisha umeme, upande mmoja unapoa na mwingine unapata moto, halafu feni inautoa nje.

Kwangu mimi, faida kubwa kuliko ubaridi wenyewe ni joto kutobadilika. Picha za giza, zile za kufunika lenzi zinazotumika kuondoa vidoa, unazipiga mara moja na kuzitumia miezi kadhaa, kwa sababu sensa inarudi kwenye nyuzi zilezile kila usiku.

Mwezi na sayari hazihitaji haya. Picha zake ni za sehemu ndogo sana ya sekunde. Na kupoza hakuponyi kila kitu. Kamera nyingi za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, wa nanomita 656, ambao ndio uhai wa nebula (mawingu ya gesi angani) kama Rosette. Fedha ikiwa haitoshi, ningeanza na kamera ya kawaida iliyoondolewa kichujio hicho.

Ukinunua iliyopozwa, ishushe joto polepole. Doa la ukungu likijitokeza katikati ya picha na kutanda, ni barafu juu ya kioo cha sensa: chembe za kukausha unyevu ndani ya kamera zimechoka, zibadilishe.