Ubongo unajuaje kwamba mkono huu ni wako?

Kwa sisi tunaofanya fiziotherapia mkoani Iringa, ajali za misumeno ya kupasulia mbao si habari ngeni. Fundi mmoja wa Mafinga alikatwa mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Kigutu kilipona vizuri, nyuzi zikatolewa, lakini alirudi kliniki akiwa hajalala siku tatu. "Dokta, ule mkono umekunja ngumi. Kucha zinaingia kwenye kiganja na nashindwa kuikunjua." Alisema hivyo huku akitazama mkono wa shati uliofungwa fundo. Mkewe akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama pengine mkono ulizikwa vidole vikiwa vimekunjwa, wakaufukue waunyooshe.

Mama yule alikuwa anatafuta sababu, na sababu ipo. Imo ndani ya ubongo wa mumewe.

Ubongo umefungiwa kwenye fuvu, gizani. Hauuoni mkono wala hauushiki. Unachopata ni taarifa: macho yanaleta zake, ngozi inaleta za mguso, joto na maumivu, na ndani ya misuli na viungo kuna vipokezi vinavyoueleza kila mara mkono uko wapi na umekunjwa kiasi gani. Funga macho, kisha gusa ncha ya pua yako. Hukukosea, na hukuhitaji kuona. Taarifa hizi zote zikikubaliana kwa wakati mmoja, ubongo unaamua kwamba mkono huu ni wangu. Uamuzi huo haufanywi mara moja ukaisha. Unafanywa upya muda wote tukiwa macho. Ndiyo maana unaweza kupotoshwa.

Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walilionyesha hilo kwa mkono wa mpira. Sisi tumelifanya kwa glavu ya kufanyia usafi tuliyoijaza maranda. Mwanafunzi wetu wa mafunzo kwa vitendo aliweka mkono wake nyuma ya boksi asiuone, glavu ikawekwa mezani mbele yake, kitenge kikafunika kuanzia begani hadi inapoanzia glavu. Nikashika brashi mbili za rangi, moja juu ya kidole chake kilichofichwa, nyingine juu ya kidole kilekile cha glavu, nikazipitisha sawasawa, kwa mwendo mmoja. Baada ya dakika mbili hivi akanyamaza. Kisha akasema, "Naisikia brashi kwenye glavu." Nikashusha ghafla ile nyundo ndogo ya mpira tunayopigia magoti, nikaielekeza kwenye maranda yale, na yeye akauvuta mkono wake uliokuwa nyuma ya boksi.

Kila kitu kilitegemea wakati. Nilipoichelewesha brashi moja kidogo tu, glavu ikarudi kuwa glavu. Si kila mtu anapata hisia hiyo, lakini wengi huipata. Mwaka 2004 mtafiti wa ubongo Henrik Ehrsson na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa katika hali hiyo, wakaona eneo la mbele linalopanga miondoko, ambalo pia hupokea habari za macho na ngozi pamoja, likifanya kazi zaidi. Kadiri mtu alivyousikia mkono wa mpira kuwa wake, ndivyo eneo hilo lilivyochangamka.

Sasa fikiria kinyume chake: mkono upo, ila ubongo umeukataa. Tumemhudumia bibi wa Kilolo aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo, mkono wa kushoto ukapooza. Alijua jina lake, alijua bei ya mahindi, aliitikia "kamwene", salamu ya Kihehe, vizuri kabisa. Nikauinua mkono wake: "Bibi, huu wa nani?" Akajibu, "Wa mjukuu wangu. Mwambie autoe, unanilemea." Binti yake akalia, akasema mama amerogwa, wamwondoe wodini. Haukuwa uchawi wala wazimu. Kiharusi kilikuwa kimeharibu sehemu zinazounganisha zile taarifa, na hali hii huwapata zaidi walioumia upande huo wa kulia.

Ndugu wa mgonjwa kama huyu wasibishane naye. Muwekeeni mkono mahali anapouona, mwambieni aupapase kwa mkono mzima kuanzia begani hadi kwenye vidole, huku akiutazama. Msiuvute mnapomwinua, bega litaumia. Na huku kwetu kwenye baridi, angalieni sana anapoota moto. Mkono ambao mtu hauhesabu kuwa wake unaungua naye hana habari.

Nirudi kwa fundi wetu. Daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewatibu askari waliokatwa viungo vitani, mwaka 1871 aliandika juu ya viungo hivi ambavyo havipo tena lakini bado vinasikika. Baadaye Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa ubongo huko Montreal, Kanada, alionyesha kwamba juu ya ubongo kuna kama ramani ya mwili, na mikono na midomo imechukua nafasi kubwa. Msumeno ulikata mkono, ramani ikabaki. Ubongo unatuma amri ya kukunjua ngumi, na hakuna jicho wala msuli unaoujibu kwamba imekunjuliwa.

Miaka ya 1990 mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran alipata wazo la kuujibu kwa kioo. Tulisimamisha kioo cha kawaida mezani, mbele ya kifua cha fundi, kigutu nyuma yake, mkono wa kulia mbele, picha yake ikionekana pale ambapo mkono wa kushoto ungekuwa. Akakunja ngumi zote mbili, akazikunjua polepole akitazama kioo. Mara ya nne akashusha pumzi. "Imefunguka."

Nafuu ile ya kwanza haikufika jioni. Inabidi kurudia kila siku, kama robo saa, kwa wiki kadhaa, na wapo ambao kioo hakiwasaidii, hao tuna dawa na njia nyingine. Kwa mguu, kioo hulazwa kwa urefu katikati ya miguu. Vua saa na pete kwanza, maana mkono unaouona kwenye kioo ukiwa na saa ambayo mkono wa kushoto haukuivaa kamwe, ubongo hautakubali. Maumivu yakizidi au ukisikia kizunguzungu, acha, uje tuangalie pamoja.