Skopu ya kutumika tena si skopu ya kudumu

Kwa mara ya nne mwezi huu nimesoma sentensi ileile, kila mara kutoka kwa mwandishi mwingine: "Soko la skopu za hospitali linaacha zile za kudumu na kuhamia zile za kutupa." Msomaji anabaki na picha ya vyombo vya aina mbili, imara na dhaifu, ghali na rahisi, kama vile tofauti ni ya ubora wa kiwandani. Picha hiyo si sahihi, na mgonjwa anayekwenda kupimwa anastahili kuelezwa vizuri zaidi ya hapo.

Maana yenyewe ni fupi. Skopu ya uchunguzi ni kifaa ambacho daktari hukitumia kutazama ndani ya tundu au mfereji wa mwili: tumbo, utumbo, mapafu, kibofu, koo, sikio. Skopu ya kutumika tena imetengenezwa ili isafishwe na kuuliwa vijidudu baada ya mgonjwa mmoja, ndipo iende kwa mwingine. Skopu ya matumizi ya mara moja imetengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja, katika kipimo kimoja, kisha basi.

Sasa nataka kukaa kidogo kwenye jina, maana nadhani ndiko kosa linakoanzia. "Skopu" inatokana na kitenzi cha Kigiriki *skopein*, kuangalia kwa makini, kuchunguza. Na *endon* ni ndani. Mfaransa Antonin Jean Desormeaux ndiye aliyekiita kifaa chake endoskopu mwaka 1853. Kabla yake, mwanzoni mwa miaka ya 1800, daktari wa Kijerumani Philipp Bozzini alikuwa ametengeneza bomba lililomulikwa kwa mshumaa, akaliita kipitisha mwanga. Mtu akisema skopu maana yake ni kuona tu, mkumbushe stetoskopu, iliyobuniwa na daktari wa Kifaransa Laennec mwaka 1816: jina lake ni "kichunguza kifua", na haioni chochote, inasikiliza.

Sisi nasi tuna neno la kuona kwa chombo: darubini, kutoka Kiajemi, *dur* ni mbali na *bin* ni kuona. Wengi huita endoskopu darubini, na wengine, hasa wagonjwa, huiita kamera au mpira wenye kamera. Darubini ni neno zuri na silikatai. Lakini darubini huona mbali bila kugusa kitu. Mwezi haupati uchafu wowote kwa kutazamwa. Endoskopu hufanya kinyume kabisa: inaona kwa sababu imeingia, imegusa, imelowa. Tukiiita kamera tunaikumbuka lenzi iliyo kwenye ncha na kulisahau bomba lililobaki, ambalo ndani yake mna njia nyembamba na ndefu za kupitishia hewa, maji, vya kunyonywa na koleo za kuchukulia kinyama cha kupimwa. Lenzi unaweza kuifuta kwa kitambaa. Ndani ya njia hizo hakuna jicho linalofika kwa urahisi, na ndimo kamasi, damu na kinyesi hubaki.

Hapo ndipo mgawanyo unapotoka, na hapo ndipo Kiswahili chenyewe kinatusaidia kuliko tunavyofikiri. Chukua kiambishi cha *-ik-*. Barabara inapitika, mwandiko unasomeka, chakula kinalika: kitendo kinawezekana. Kwa maana hiyo karibu kila skopu "inatumika tena". Itoe ile ya mara moja kwa mgonjwa wa kwanza, bonyeza kitufe, picha itatokea kama kawaida. Haijavunjika wala kuchakaa. Ndiyo maana mtu akiambiwa itupwe huona ni ufujaji, na ndiyo maana huko na huko hutokea anayeamua kuisuuza na kuitumia kwa mwingine. Neno "kutumika" limemdanganya. Swali lilipaswa kuulizwa kwa kitenzi kingine: je, inasafishika? Je, mtengenezaji amethibitisha kwa vipimo kwamba, ukifuata hatua hizi na dawa hii kwa dakika hizi, vijidudu vinakufa na kifaa hakiharibiki? Kwa skopu ya mara moja hakuna hatua hizo. Mtengenezaji hakuziandika kwa sababu hakuziunda. Gundi yake, plastiki yake na mikunjo yake havikupangwa kupokea brashi wala dawa. Alama yake ni tarakimu 2 ndani ya duara, imekatwa kwa mstari. Ikatafutwe kwenye kifungashio kabla ya kubishana.

Historia inaeleza kwa nini kusafishika kumekuwa kugumu hivi. Mirija ya kwanza ilikuwa migumu na imenyooka. Daktari wa Kijerumani Adolf Kussmaul alipotazama tumbo la mtu aliye hai mwaka 1868, aliyekubali kupimwa alikuwa mtu wa maonyesho ya kumeza panga. Chombo kigumu cha chuma chote kinaweza kuvumilia otoklevu, mashine ya mvuke wa nyuzi 121 au 134 za Selsiasi, ambao huua hata mbegu za bakteria, yaani bakteria waliojifunga katika hali sugu. Kisha mwaka 1957 daktari Basil Hirschowitz akaonyesha gastroskopu, yaani skopu ya tumbo, ya nyuzi za kioo, inayopinda. Kwa mgonjwa hiyo ilikuwa rehema kubwa. Kwa msafishaji ilikuwa mwanzo wa kazi ngumu, maana kilichofanya skopu ipinde, yaani mpira, gundi na nyuzi, ndicho kisichostahimili joto hilo.

Kwa hiyo skopu nyingi zinazopinda haziingii otoklevu. Mmarekani Earle Spaulding alipendekeza vifaa vipangwe kwa kile vinachogusa: vinavyogusa ngozi nzima isiyo na jeraha, vinavyogusa utando wa ndani wa mwili, na vinavyoingia pale ambapo hapatakiwi kijidudu hata kimoja. Endoskopu zinazopinda ziliwekwa kundi la kati. Huko kinachodaiwa kwa uchache ni kuua vijidudu kwa dawa kali, kama asidi ya perasetiki, kwa kiwango cha juu ambacho bado kinaweza kuacha baadhi ya mbegu za bakteria. Wanaoandika kwamba skopu "imechemshwa" au "imetakaswa kabisa" wanaahidi jambo ambalo kwa kawaida halikufanyika. Iliyotoka kwenye kifungashio cha mara moja huwa imetakaswa kiwandani; iliyotoka chumba cha kusafishia huwa, ikiwa kazi imefanywa vizuri, imeuliwa vijidudu kwa kiwango cha juu. Hayo ni mambo mawili.

Na kazi yenyewe ni ya mikono. Skopu inafutwa na kufyonzwa maji ya sabuni palepale kando ya kitanda, kabla uchafu haujakauka. Inajaribiwa kama inavuja. Njia zake zinapigwa brashi moja moja, inalowekwa au kuwekwa mashineni, inasuuzwa, inakaushwa kwa hewa hadi ndani. Kuchelewa saa chache au kuruka ukaushaji kunatosha bakteria kujijengea utando unaoshikilia ukuta wa njia, na utando huo hauogopi dawa kama bakteria wanaoelea.

Duodenoskopu ndiyo iliyofunza watu hili kwa uchungu. Inapita tumboni hadi kwenye mlango wa mfereji wa nyongo, na kwenye ncha ina kijiko kidogo cha kuinulia waya, chenye mianya ambayo brashi haiifikii vizuri. Wagonjwa waliambukizwa bakteria sugu hata mahali ambapo maelekezo ya usafishaji yalifuatwa. Wagonjwa hao hawakuponzwa na uzembe wa msafishaji, na hili nalisema kwa sababu lawama humwangukia yeye kwanza. Aprili 2019 mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ilieleza kwamba hadi asilimia 5.4 ya sampuli zilizochukuliwa ipasavyo kutoka duodenoskopu zilizokwisha kusafishwa zilikuwa na bakteria wa kutia wasiwasi. Agosti mwaka huohuo ikazishauri hospitali kuhamia miundo yenye sehemu za mara moja, na Desemba ikaruhusu duodenoskopu ya kwanza ya mara moja yote kabisa, ya Boston Scientific.

Angalia maneno "yenye sehemu". Soko halijagawanyika kambi mbili kama sentensi ile inavyodai. Kuna duodenoskopu ya kutumika tena yenye kofia ya ncha inayotupwa. Kuna laringoskopu, ya kutazamia koo, yenye mpini wa kudumu na ulimi wa mara moja. Otoskopu, ya sikio, ya kawaida kabisa hutumia kikoni cha plastiki kinachobadilishwa kwa kila sikio la mgonjwa mpya. Hata bronkoskopu, yaani skopu ya mapafu, ya mara moja, kama ile ambayo kampuni ya Ambu ya Denmark iliileta mwaka 2009, huchomekwa kwenye skrini inayobaki pale miaka.

Kibiashara kinachobadilika ni namna ya kulipa. Ya kutumika tena hununuliwa kama mtaji, pamoja na mashine ya kusafishia, kabati la kukaushia, matengenezo na mishahara ya wasafishaji. Gharama yake kwa kipimo kimoja hushuka kadiri vipimo vinavyoongezeka. Ya mara moja hununuliwa kama sindano, na gharama yake haishuki kwa kutumiwa sana. Ndiyo maana ya mara moja imepata nafasi kwenye bronkoskopu ya chumba cha wagonjwa mahututi, inayohitajika ghafla usiku wakati hakuna mtu wa kusafisha, ilhali kolonoskopu, skopu ya utumbo mpana inayofanya kazi mfululizo kutwa nzima, imebaki zaidi kwa watengenezaji wakubwa wa zile za kutumika tena: Olympus, Fujifilm na Pentax. Kuita moja rahisi na nyingine ghali bila kutaja idadi ya vipimo ni kuacha nusu ya hesabu.

Limebaki neno moja linalochanganywa hata na wanaoelewa: "ya mgonjwa mmoja". Si sawa na "ya mara moja". Kipo kifaa ambacho mgonjwa yuleyule anaruhusiwa kukitumia mara nyingi, na mwaka 2021 kiwango cha kimataifa cha alama za vifaa tiba kilikipa alama yake, tofauti na ile ya tarakimu 2 iliyokatwa.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, ukirudi kwenye sentensi yako, weka "skopu zinazosafishwa kati ya mgonjwa na mgonjwa" pale ulipoandika "za kudumu", na "skopu za matumizi ya mara moja" pale ulipoandika "za kutupa". Itarefuka kidogo. Halafu itazame "linaacha", uone kama bado unaihitaji.