Mhimili wa utumbo na ini: bakteria wanavyohusika na ini la mnywaji

Mhimili wa utumbo na ini ni jina la uhusiano wa karibu ulioko kati ya viungo hivi viwili. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka utumboni kupitia mshipa mmoja mkubwa, kwa hiyo vitu vingi vinavyopenya ukuta wa utumbo hufikia ini kwanza.

Utumboni wamo bakteria matrilioni. Kwa mtu mzima wa afya hubaki humo humo, maana seli za ukuta zimebanana na juu yake kuna ute. Unywaji mwingi wa muda mrefu, iwe ni bia au gongo, hulegeza maungio ya seli hizo. Bakteria nao hubadilika: wenye faida hupungua, wenye madhara huongezeka. Vipande vya maganda yao, yaani endotoksini, huvuja hadi kwenye ini, ambako seli za ulinzi ziitwazo seli za Kupffer huvishambulia. Mashambulizi hayo hulivimbisha ini lenyewe, na yakiendelea miaka huacha makovu. Makovu yakienea, ndiyo sirosisi.

Ndugu wa wagonjwa huuliza: mbona hawa wawili wamekunywa pamoja miaka yote, mmoja macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, mwenzake mzima? Kurithi, unene na virusi vya homa ya ini vina sehemu yao. Bakteria pia. Mwaka 2019, timu ya Bernd Schnabl wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ilichapisha utafiti kuhusu wagonjwa ambao ini lao lilikuwa limevimba vikali kwa sababu ya pombe. Baadhi walikuwa na aina ya Enterococcus faecalis inayotoa saitolisini, sumu inayoua seli za ini. Katika hao, asilimia 89 walifariki ndani ya siku 180. Kwa wasiokuwa nayo, hawakufika asilimia 4. Tofauti hiyo inatisha. Katika panya, virusi vinavyoua bakteria hao vilipunguza madhara ya pombe kwenye ini.

Hiyo bado si tiba ya kawaida hospitalini, na kujinunulia antibayotiki dukani hakusaidii. Kinachosaidia ni kuacha pombe: kwa wengi ukuta wa utumbo huanza kujifunga ndani ya wiki chache. Anayekunywa kila siku aonane na daktari kabla ya kuacha, kwa sababu kukatisha ghafla kunaweza kuleta degedege.