Je, wajua? Nguzo ya kupimia Nile jijini Kairo haikusimama mtoni

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kipimo cha mafuriko cha kisiwa cha Roda, jijini Kairo, ni nguzo ya Mafirauni iliyosimikwa katikati ya maji. Yote mawili si kweli. Mafirauni walikuwa na vipimo vyao, na kile cha kisiwa cha Elephantine, kule Aswan, kingalipo. Hiki cha Roda kilijengwa mwaka 861 kwa amri ya al-Mutawakkil, khalifa wa Bani Abbas. Ukutani hamna miungu ya mto; mna aya za Kurani zinazotaja maji, mimea na neema.

Na nguzo yenyewe imo ndani ya kisima kirefu cha mawe, chenye ngazi inayozunguka kuta hadi chini. Maji ya mto yaliingia kwa njia tatu za chini kwa chini, kila moja kwa kina chake. Mbona kazi yote hiyo? Simika mti katikati ya mto unaokwenda kasi: maji yanaupanda upande mmoja, yanabonyea upande wa pili, wimbi likipita alama inapotea. Kisimani maji yametulia, na bado yamelingana na ya mto. Fundi mwashi analijua jambo hili kwa mpira wake wa maji: ncha moja ukuta huu, nyingine ukuta ule, mpira upinde utakavyo, maji husimama kimo kimoja pande zote. Huko Roda, mto ni ncha moja na kisima ni ya pili.

Nguzo ni ya marumaru, ina pembe nane, na imegawanywa kwa dhiraa, neno lile lile tulilo nalo: toka kiwiko hadi ncha ya kidole. Maji yakifika dhiraa 16, mfereji wa Kairo ulifunguliwa kwa sherehe na kodi ya ardhi ikatozwa. Yasipofika, njaa ilinukia. Yakizidi mno, mashamba yalizama. Ila 16 haikubaki na maana ile ile daima, kwa kuwa tope liliinua sakafu ya mto karne baada ya karne.

Kisiwa hicho kiliwapa jina hata watawala. Mamluki wa Bahri, askari wa asili ya utumwa walioshika Misri mwaka 1250, waliitwa hivyo kwa sababu ya kambi yao ya Roda: Wamisri huuita Mto Nile “bahr”, yaani bahari.

Bwawa Kuu la Aswan, lililokamilika 1970, lilikomesha mafuriko. Njia za maji zimezibwa, na mgeni anayetoka kuangalia makumbusho ya mwimbaji Umm Kulthum hapo jirani anaweza kushuka ngazi zile kwa miguu mikavu, akaishika nguzo pale ambapo zamani angezama.