Mwalimu wa Kiingereza wa kujitolea: darasa lake la kwanza ni mezani kwenu

Kazi yangu hapa Moshi ni kuwaandaa walimu wa kujitolea wanaotoka nje, pamoja na familia na shule zinazowapokea. Walimu wakuu huniuliza swali lile lile: huyu kazaliwa na Kiingereza, mbona watoto hawamwelewi? Mara nyingi sababu ni kwamba hajui Kiswahili, na makosa mengi ya watoto wetu katika Kiingereza yanatokana na Kiswahili chao ambacho hakina kosa lolote.

Chukua "yeye". Neno hilo halibagui mume na mke, ndiyo maana mtoto anasema "My mother, he is sick". Mgeni aliyekwisha kujifunza nyumbani kwa wenyeji wake "mama anapika, baba anapika" anajua tatizo liko wapi: ile a- ya mwanzo inawabeba wote wawili. Basi abandike picha nne ubaoni, wanawake wawili na wanaume wawili, watoto wazitaje harakaharaka dakika tano kila siku kwa wiki mbili. Kumkatiza mtoto kila anapokosea humfunga mdomo tu.

Kosa zito zaidi ni la "ndiyo". Mwalimu akiuliza "Didn't you do your homework?", mtoto ambaye hakufanya hujibu "Yes, teacher", kwa kuwa sisi tukiulizwa "Hukufanya?" tunajibu "Ndiyo, sikufanya". Mgeni asiyelijua hili hudhani anadanganywa, na mtoto anaonekana mwongo wakati amesema kweli. Kwa miezi ya mwanzo aulize "Did you do it?" na aepuke swali la kukanusha.

Kwenye matamshi, aanzie kwenye sauti tulizo nazo tayari. "Think" ina th ya thamani, "this" ina dh ya dhahabu. Mtoto anayesema "selasini" atanyooshewa lugha zote mbili kwa zoezi moja. Vokali ndizo ngumu: zetu ni tano, za Kiingereza zinapita kumi, hivyo "hat", "hut" na "heart" zote zinatoka kwa a moja. Hapa sikio litangulie ulimi. Andika "hat" chini ya namba 1 na "hut" chini ya namba 2. Mwalimu atamke, watoto wainue kidole kimoja au viwili. Wakishatofautisha bila kubahatisha, ndipo watamke wenyewe.

Hayo yote mgeni huyapata nyumbani, ndiyo maana nawasihi akina mama wenyeji: nusu saa ya kwanza ya chakula cha jioni iwe Kiswahili kitupu. Najua mnatamani watoto wenu wapate Kiingereza cha bure, na ni haki yenu. Tengeni jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya Kiingereza hicho. Siku ya kwanza afundishwe shikamoo, na saa zetu, maana akiambiwa kipindi kinaanza saa mbili anaweza kufika saa nane mchana.

Chumba kiwe na kitasa kinachofungwa na chandarua kisicho na tundu. Maji ya kunywa yachemshwe, yawekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko. Mwonyesheni ndoo ya kuogea na jinsi choo kinavyotumika, bila kuona haya. Asiyeonyeshwa huteseka kimya. Mwambieni pia kwamba nguo za ndani kila mtu hufua zake. Hela ya chakula iandikwe kwa wiki na imfikie mama mwenye nyumba mkononi, ikihesabu gesi au mkaa wa maji ya kuoga. Vocha na soda ni juu ya mgeni.

Kwa upande wa shule, viza ya utalii hairuhusu kufundisha, hata bila mshahara. Mgeni wa miezi mingi anahitaji kibali cha ukaazi daraja C kutoka Uhamiaji, na shughuli hiyo ianze kabla hajakata tiketi. Shule imdai pia hati ya polisi ya kwao inayoonyesha hana rekodi ya uhalifu. Wengi hupenda kuja Juni, wakati shule zetu zimefunga. Darasa la saba msimpe karibu na mtihani wa Septemba. Darasa la tano na la sita ndiyo mahali pake, kwa sababu watoto hao wataingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza.

Na mwalimu wa somo asitoke darasani. Katika kipindi cha dakika 40, yeye ashike sarufi na kitabu kwa dakika 15, mgeni ashike kusikiliza na kuzungumza kwa 20, tano za mwisho waandike pamoja daftarini kilichowashinda watoto. Daftari hilo libaki shuleni mgeni anapoondoka.