Je, wajua kwa nini viti vya Bunge huwa vitupu?

Watu wa Malindi wakiwasha TV mchana wakaona viti vitupu bungeni utasikia tu "hawa wamelala", na kweli wapo wasioonekana kabisa, lakini kazi kubwa mara nyingi ishafanyika asubuhi, chumba cha pembeni, kwenye kamati.

Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 ukimtoa Spika. Sasa watu wote hao watamhoji vipi katibu mmoja wa wizara juu ya vocha moja ya malipo? Ndio maana wanagawana, hawa afya, hawa ardhi, na wale wa PAC, kamati ya hesabu za serikali, wanashika ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wanaenda nayo swali kwa swali: barabara imelipwa, mbona haipo? Risiti iko wapi? Nani alisaini? Na huwezi kusema siji, maana Ibara ya 125 ya Katiba ya 2010 imeipa kamati nguvu kama za Mahakama Kuu kuita shahidi na kudai makaratasi.

Sisi huku tunalijua hili. Baada ya vifo vya msitu wa Shakahola hapa Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga hadi kufa, Seneti iliunda kamati maalum chini ya Seneta Danson Mungatana wa Tana River, na ripoti yao ya 2023 ikasema wazi kwamba mfumo wa haki ulishindwa kumzuia yule mhubiri ilhali alishashtakiwa tangu 2017. Maneno mazito hayo, na kwenye mjadala wa kelele bungeni yasingepatikana.

Bunge la kaunti ya Kilifi nalo lina kamati zake, liko papa hapa Malindi mjini, na Ibara ya 196 inataka vikao viwe wazi, kwa hivyo ingia ukae usikilize, ni haki yako.

Tatizo ni kwamba chama ndicho kinampa mbunge kiti cha kamati na chama ndicho kinamtoa. Juni 2020 Kimani Ichung'wah aling'olewa uenyekiti wa kamati ya bajeti chama chake cha Jubilee kilipogawanyika. Mtu atauliza swali gumu vipi akijua kesho hana kiti? Uingereza tangu 2010 wenyeviti wengi wa kamati huchaguliwa na Bunge zima kwa kura ya siri, na mimi naona hiyo ndiyo tunayoihitaji. Wala haitaki kura ya maoni, Ibara ya 124 inawaachia wabunge wenyewe watunge kanuni za kamati zao, basi wakija kuomba kura 2027 waulizeni hilo kwanza.