Hana bunduki, lakini anahusika

"Shemeji yangu atakuja kutazama tu. Hana bunduki, kwa hiyo sheria haimhusu, na hatari pia haimhusu." Kila msimu wa uwindaji unapofunguliwa Julai naletewa hoja hii, na nimechoka kuijibu kwa simu. Mimi ni mwindaji bingwa. Nikiingia na wateja na wageni wao kitaluni, yaani eneo lililotengwa kwa uwindaji, roho zao ziko mikononi mwangu, wenye bunduki na wasio nayo.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania ya 2009 haiishii kwa anayefyatua risasi. Kumfuatia mnyama na kumvizia ili auawe navyo ni kuwinda. Kwenye uwindaji wa kitalii mtazamaji hulipiwa ada yake na huingia kwa utaratibu wa TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, si kwa kudandia gari. Leseni ya mteja ni ya mteja. Haiazimwi kwa mke wala kwa mtoto, hata kwa swala pala mmoja. Bunduki ni hivyo hivyo: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, silaha ina mmiliki wake mwenye leseni, na shemeji si yeye. Askari wa wanyamapori tunayefuatana naye yupo kuangalia hayo hasa.

Kinachoniudhi zaidi ni imani kwamba mgeni akikaa mwisho wa mstari yuko salama. Mfuata nyayo hutangulia, mimi namfuata, kisha mteja, kisha wengine. Kama mnyama hajajeruhiwa, sawa, nyuma panafaa. Nyati mwenye jeraha ni habari nyingine kabisa. Huingia kichakani, akazunguka, akarudi kando ya nyayo zake mwenyewe na kusimama kimya. Wanaomfuata wanampita bila kumwona. Akitoka, hutokea ubavuni au nyuma, na wa kwanza kukutana naye ni yule mwenye kamera. Bunduki yangu ya .375 iko mbele, na kati yangu na nyati wamesimama watu. Nitapigaje? Ndiyo maana damu ikionekana na mnyama hajaanguka, mgeni hasogei nasi hata hatua moja. Aninunie tu.

Aachwe wapi sasa? Hapa sina jibu linaloniridhisha. Nikimwacha garini peke yake, woga na udadisi vitamshusha. Nikimwachia askari, nimejipunguzia bunduki kwenye kichaka ambako naihitaji mno. Nimewahi kufanya yote mawili, kulingana na urefu wa nyasi na umbali wa gari, na sijawahi kuondoka nikiwa na amani. Watoto siwapeleki kabisa kwenye nyati. Wapo wenzangu wanaowapeleka, na tumebishana sana juu ya hilo.

Mengine ni mepesi. Manukato asijipake. Simu aizime. Asipite mbele ya mtutu hata kama ameambiwa chemba haina risasi. Masikio ayazibe, maana mlipuko wa bunduki kubwa humwumiza vibaya aliyesimama ubavuni mwa mtutu.

Na nyama. Mgeni anapewa paja la swala, analifunga kwenye boksi na kupanda basi kurudi kwake. Hapo ameshika nyara ya serikali. Wengi hudhani nyara ni pembe na ngozi peke yake, nyama imo. Akisimamishwa kwenye kizuizi, yeye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba ameipata kihalali, na "nilipewa na shemeji" si hati. Watu hushtakiwa kwa kupatikana na nyara bila kibali katika kesi za uhujumu uchumi, na kifungo chake ni cha miaka mingi. Huyo hajagusa hata kifyatulio! Kwa hiyo kabla hajaondoka kambini, hati za nyama hiyo ziwe zimekamilika na ziko mkononi mwake. Zikikosekana, nyama ailie hapo hapo kambini.